Wito Uliokwama Ndani ya Seva

Kama kuna neno lililomchosha Fahima mwaka ule, ni neno "imetumwa."

Neno hilo lilikuwa likitokea kwa rangi ya kijani kwenye kompyuta ya benki ya damu, katika Hospitali ya Wakfu wa Bi Zuhura, mjini Malindi. Muuguzi akihitaji damu, huchagua kundi la damu na kubonyeza, kisha programu mpya iliyoletwa kutoka Nairobi huwatafuta wachangiaji wa kundi lile, kuanzia Kikambala mpaka Mambrui, na kuwaandikia barua pepe ya kuwaita. Hapo ndipo kijani hujitokeza: imetumwa. Baada ya hapo, kimya. Haji mtu.

Sista Kahaso, muuguzi msimamizi wa benki ya damu, ndiye aliyeanza kulalamika. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mzaliwa wa Kaloleni, ambaye hata akikasirika sauti yake haipandi.

"Fahima mwanangu, zamani nilikuwa nikipiga simu mwenyewe, na watu wanakuja. Wengine wanakuja na kanga za kujifunika, wamejiandaa. Sasa mashine inaita wilaya nzima na haji hata wa kuuliza njia. Hivi watu wamekuwa na roho gani siku hizi?"

Fahima alikuwa ndiye mtu wa kompyuta wa hospitali ile, wala hakuwa na mwenziwe. Printa ikikwama, Fahima. Simu ya daktari ikijaa picha za harusi, Fahima. Feni ya ofisi ya mapokezi ikianza kulia, Fahima, ati kwa kuwa nayo ina waya. Kwa hiyo aliposikia malalamiko ya Sista Kahaso alivuta pumzi, akaenda kwa mkurugenzi kuomba ruhusa ya kuifungua ile programu aitazame ndani.

Mkurugenzi, Mzee Stambuli, alikuwa mtu safi, mwenye kanzu iliyonyooka na kauli zilizonyooka vilevile. Programu ile aliileta yeye. Siku ilipozinduliwa aliamuru mambo ya simu yakome, kwa sababu, alisema, hospitali haiwezi kuwa na mguu mmoja jana na mwingine leo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nini tena?"

"Nahofia barua za kuita damu haziwafikii watu."

"Kompyuta yasemaje?"

"Yasema imetumwa."

"Basi imetumwa," akasema Mzee Stambuli, akarudi kwenye karatasi zake. "Tatizo ni watu, binti yangu. Watu wameharibika. Wewe kashughulikie feni ya mapokezi."

Fahima alitoka akiwa amekaza meno. Hakwenda kwenye feni. Alikwenda benki ya damu akajiandikisha kuwa mchangiaji, akajiita kwa kundi lake mwenyewe, akabonyeza. Imetumwa, ikasema kompyuta. Akafungua barua pepe kwenye simu yake, akangoja. Akanywa chai, akala mahamri mawili, akangoja. Hata kwenye taka ya barua hakukuwa na kitu. Hapo akampigia simu Thuku, yule kijana wa Nairobi aliyeitengeneza programu, mwenye sauti ya mtu ambaye daima yuko mbioni kuelekea kikao kingine.

"Hiyo si shida ya programu, madam," Thuku akasema kabla hajamaliza kuelezwa. "Programu yetu yenyewe haipeleki barua. Inaikabidhi kwa posta iliyo ndani ya seva yenu. Posta ndiyo inapeleka."

"Posta gani?"

"Ile mliweka."

"Nani aliweka?"

"Kwani hamkuweka? Mbona imeelezwa kwenye maelekezo? Karibu na mwisho."

"Thuku, wewe ndiwe uliyekuja hapa kuisimamisha programu hii. Nilikuona kwa macho yangu. Ulikula biriani."

"Ni kweli, lakini mambo ya seva ni ya mteja."

"Haya. Na kama posta haipo, kwa nini programu inaandika imetumwa?"

"Maana yake programu imemaliza kazi yake."

"Kwa kumkabidhi nani?"

Thuku akasema ana kikao. Fahima alifumba macho, akahesabu pumzi kama alivyofundishwa na mamake, kisha akauliza alilotaka hasa kulijua.

"Na zile barua za nyuma? Tumeita watu kwa wiki kadhaa. Ziko wapi?"

"Hizo zilishajifuta. Programu ikikosa posta inajaribu siku moja, halafu inafuta. Usijali nazo kabisa."

Kurudi kwa Mzee Stambuli kulimgharimu Fahima subira yote aliyokuwa amebakiwa nayo. Alimweleza polepole: programu ni kama karani anayeandika barua, lakini karani huyu hatoki ofisini. Panahitajika tarishi palepale ndani ya seva, wa kuzipokea barua mkononi mwa karani na kuzipeleka kwa kampuni kubwa inayobeba barua za hospitali, ambayo nayo ndiyo itakayozifikisha kwa watu. Tarishi hayupo. Karani amekuwa akiunyoosha mkono wake hewani.

"Tumenunua programu nzima," akasema Mzee Stambuli, "na sasa waniambia haina miguu?"

"Hanunuliwi huyu, mzee. Nitamweka mwenyewe."

"Basi mweke kabla ya adhuhuri. Mimi kwa simu yangu hutuma barua kwa kidole kimoja."

Seva ilikaa kwenye chumba chembamba nyuma ya stoo ya mashuka, chenye joto la tanuri. Fahima alijifunga mtandio vizuri, akakaa juu ya katoni ya glavu, akaanza. Kumweka tarishi mwenyewe hakukuwa kazi. Programu yake ni ya bure, na ilishuka kutoka mtandaoni bila maringo. Akamwagiza asipokee barua kutoka kwa mtu yeyote wa nje, apokee za karani wa ndani tu, kwa sababu tarishi asiyechagua hugeuzwa punda wa matapeli wa dunia nzima. Akajiandikia barua ya majaribio.

Haikuondoka.

Akawapigia simu watu wa intaneti. Akasikilizishwa muziki, akapewa mtu, mtu akampa mtu mwingine. Wa mwisho akamwambia kwa adabu kwamba mlango wa barua kwenye laini ile umefungwa.

"Nani kaufunga?"

"Sisi, madam. Kwa usalama wako."

"Na hamkutuambia?"

"Hamkuuliza."

Akapitia mlango mwingine, ule ambao kampuni ya barua huwafungulia wateja wake wanaojitambulisha kwa neno la siri. Lakini neno la siri la hospitali alikuwa nalo Mzee Stambuli peke yake, na Mzee Stambuli hakuwa tayari kulitamka mbele ya kiumbe. Alikuja mwenyewe stoo ya mashuka, akashika ukingo wa kanzu yake usiguse vumbi, akamwamuru Fahima ageuze uso ukutani, akaandika. Akakosea. Akaandika tena, kwa kugonga herufi kwa nguvu zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa la mashine kutosikia. Akakosea tena. Alipokosea mara nyingine, kampuni ya barua ikaifunga akaunti.

"Hii mashine yako ina ukaidi," akasema, akaenda zake kuswali.

Akaunti ilipofunguka tena, kampuni ikataka uthibitisho: namba za siri zitumwe kwenye simu iliyosajiliwa. Ilikuwa simu ya Adhiambo, karani aliyeacha kazi na kuhamia Kisumu. Fahima akampata akiwa sokoni, katikati ya kelele za wauza samaki.

"Fahima! Habari za Malindi? Hivi bado kuna yule paka wa maabara?"

"Yupo, mzima. Adhiambo dada yangu, utaletewa namba sasa hivi. Nisomee haraka, zinakufa upesi."

Zikaja, Adhiambo akatafuta miwani, zikafa. Zikaja nyingine, simu ikakatika, zikafa. Zilipokuja tena, Adhiambo alikuwa amemkabidhi miwani na simu muuza samaki mwenyewe, na yule mama akazisoma kwa sauti ya mnada hata Fahima akaziandika bila kukosea.

Alidhani amefika. Kumbe kampuni ya barua ilikuwa na neno lake la mwisho: yule karani wa programu alikuwa akitia sahihi kwa jina ambalo kampuni hailijui, jina la ovyo ambalo Thuku aliliacha ndani ya programu. Barua zikarudishwa mlangoni. Fahima alicheka peke yake mle chumbani, kicheko kikavu kisicho na furaha, hata mfuaji mashuka akachungulia kuona kulikoni. Kisha akamfundisha tarishi kulifuta jina lile na kuandika anwani ya hospitali kwenye kila barua kabla ya kuipeleka.

Alasiri simu yake ililia mfukoni. Barua ya majaribio. Akamtumia na Mzee Stambuli, naye akapokea yake, akajibu kwa maneno mawili: "Nilikwambia." Fahima hakuelewa aliambiwa nini, ila hakuuliza. Alifunga chumba, akapanda tuktuk hadi steji, akarudi kwao Mambrui akiwa na njaa ya kutwa, akalala kama gogo.

Asubuhi ya pili, tuktuk ilikwama kabla ya kufika hospitalini. Barabara mbele ya lango ilikuwa imejaa pikipiki, baiskeli na watu. Fahima alidhani ni ajali. Akashuka, akajipenyeza mpaka langoni. Hawakuwa majeruhi. Walikuwa watu wazima wa afya, mabega mapana, wanawake waliojifunga leso, vijana wa hoteli za Watamu wakiwa bado na sare za kazi. Kila mmoja alishika simu mkononi kama mtu ashikaye tikiti.

Sista Kahaso alikuwa mlangoni pa benki ya damu, mikono kiunoni.

"Fahima, umefanya nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Watu wote hawa wameitwa. Kila mmoja anasema ameitwa haraka. Mimi leo sijamwita mtu!"

Fahima aliomba kuona simu ya mtu aliyekuwa karibu naye. Barua ilikuwa imefika jana magharibi, lakini aliposoma jina la wodi na namba ya mgonjwa, alirudi juu kuitafuta tarehe. Huo ulikuwa wito wa wiki nyingi nyuma. Akaangalia simu nyingine, na nyingine. Zilikuwa barua zote, tangu siku programu ilipozinduliwa. Hazikuwa zimefutwa hata moja. Karani alikuwa amezikumbatia zote, akingoja tarishi, na tarishi alipotokea, akammwagia mzigo mzima kwa mara moja.

Akampigia Thuku papo hapo.

"Uliniambia zimejifuta."

"Zinafaa kujifuta," akasema Thuku. "Ngoja niangalie." Akarudi baada ya muda. "Aah. Toleo lenu halifuti. Ni toleo la nyuma kidogo. Lakini si barua zimefika? Hiyo ni poa."

Fahima alikata simu bila ya kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Mzee Stambuli alifika wakati huo. Alisimama akautazama umati, uso ukamkunjuka kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. "Unaona?" akasema. "Programu imefanya kazi. Mwiteni mtu wa picha." Sista Kahaso akamvuta kando akamweleza, na Fahima akaona ule uso ukikunjamana tena, kidogo kidogo.

"Watoeni damu wote mnaoweza," Mzee Stambuli akasema kwa sauti ya chini. "Damu ni damu. Wakiuliza, waambieni mtandao ulikuwa na hitilafu kidogo. Mambo ya ndani yabaki ndani. Umenisikia, Fahima?"

"Nimesikia, mzee."

Alikuwa amesikia, na kwa kiasi fulani alikuwa tayari kutii, kwa kuwa alikuwa amechoka. Ndipo akamwona mwanamume aliyekaa kwenye ukingo wa saruji peke yake, viatu vyekundu kwa vumbi la bara. Alikuwa wa makamo, mkono mmoja umeshika kofia ya pikipiki. Fahima akamwamkia, akamuuliza kama amehudumiwa.

"Naitwa Ngumbao, natoka Ganze ndani huko," akasema. "Sijaingia bado. Nilikuwa nauliza kwanza huyo mtoto anaendeleaje. Niliambiwa ni mtoto wa miaka sita, hana damu, na damu yangu ni ile isiyopatikana ovyo. Barua niliiona usiku, nikitaka kulala. Nikaazima pikipiki alfajiri. Sasa kila ninayemuuliza ananiambia nipange foleni."

Alimwonyesha simu. Fahima akalisoma lile kundi la damu, akalisoma na jina la wodi. Alimkumbuka yule mtoto, si kwa kumwona, ila kwa kilio cha mamake kilichopita korido nzima hadi stoo ya mashuka, siku moja Fahima alipokuwa akitafuta waya. Siku ile alisimama mpaka kilio kikaisha, kisha akaendelea kutafuta waya.

Akafungua kinywa kusema mtandao ulikuwa na hitilafu kidogo. Akamrudishia simu yake.

"Mzee Ngumbao," akasema, akakaa pale kando yake juu ya saruji. "Mtoto yule alifariki. Ni wiki tatu sasa. Barua yako iliandikwa siku ile ile, lakini haikutoka humu ndani. Ilikwama kwenye seva yetu. Kompyuta ikatuambia imetumwa, nasi tukaiamini. Mimi ndiye mtu wa kompyuta. Jana ndipo nilipoizibua, na sikujua kama mlikuwa mmo humo, nyote."

Ngumbao aliigeuza ile kofia mkononi, akaitazama ndani kama kuna kitu alichokitia humo. Watu waliokuwa karibu walisogea kusikia. Mmoja wao, msichana wa Kikambala aliyeitwa Purity, alitazama simu yake upya akauliza kwa woga, "Na mimi niliitiwa nani?"

"Kama ningekuja siku ile," Ngumbao akasema hatimaye, "angepona?"

Fahima akageuka kumtafuta Sista Kahaso, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao bila wao kujua. Sista akainama, akazungumza na Ngumbao kwa Kigiriama, taratibu, kwa muda mrefu. Fahima aliambulia vipande tu: kwamba mtoto aliletwa akiwa amechelewa, kwamba Sista mwenyewe siku ile alichukua simu yake akawapigia watu aliowakumbuka, akampata wa kuja jua limekwisha kuchwa, kwamba Mulungu ndiye ajuaye. Hakumwambia angepona. Hakumwambia asingepona.

Ngumbao alisimama, akajipangusa vumbi.

"Haya, nitoeni damu," akasema. "Siwezi kurudi nayo Ganze."

Kuanzia hapo Fahima hakurudi kwenye kompyuta. Alichukua kiti akakaa langoni, na kila aliyeingia alimwambia ukweli ule ule, mtu kwa mtu, mpaka koo likamkauka. Wapo waliokasirika. Kijana mmoja wa hoteli alisema amepoteza zamu yake kwa ujinga wa watu wengine, akaondoka, na Fahima hakuwa na la kumpinga. Bibi mmoja wa Mambrui, aliyemjua tangu mtoto, alimwambia, "Lahaula, Fahima, nawe na kusoma kwako kote?" Maneno hayo yalimchoma kuliko ya yule kijana. Lakini wengi walisikiliza, wakatikisa kichwa, wakaingia. Purity aliambiwa kwamba aliyeitiwa alikuwa mama mzazi, na kwamba mama huyo alipona na yuko kwake Gongoni na mwanawe. Akacheka kwa sauti, akaingia ndani akiwa bado anacheka.

Mifuko ya damu iliisha kabla ya adhuhuri. Sista Kahaso, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akililia watu, sasa alikuwa akililia mifuko. Waliobaki aliwapangia siku nyingine, akawaandika mwenyewe kwa mkono wake pamoja na namba zao za simu, na alipokuwa akiandika alimtupia jicho Mzee Stambuli aliyesimama mlangoni, kana kwamba anamwambia athubutu kumkataza.

Mzee Stambuli hakumkataza. Alikuwa amesikia Fahima akisema langoni, tangu mwanzo. Mtu wa picha alikuja akarudishwa. Baadaye watu walimwona mzee akitoka kwa mlango wa nyuma, na Fahima akajiambia, basi, amekimbia. Lakini alirudi na mfanyakazi aliyebeba makreti ya soda na boksi la biskuti, na akaanza kuwagawia waliokwisha kutoa, yeye mwenyewe, akifungua chupa moja baada ya nyingine, soda ikimrukia kwenye kanzu. Alipofika kwa Ngumbao alisimama naye kitambo. Fahima hakusikia walichosema. Aliona tu Mzee Stambuli ameinamisha kichwa, na Ngumbao ndiye aliyekuwa akizungumza.

Watu walipotawanyika, mzee alimfuata Fahima kwenye chumba cha seva. Hakumkaripia wala hakumwomba radhi. Hakuwa mtu wa kauli hizo. Alisimama kwenye joto lile, kanzu ina madoa.

"Sasa zinafika?"

"Zinafika, mzee. Nimeziona."

"Una hakika zitafika kesho?"

"Sina," Fahima akasema. Alikuwa amechoka mno kusema lolote lingine. "Kampuni yaweza kubadilisha neno la siri. Laini yaweza kukatika. Nimemwagiza tarishi, barua ikikwama tu, anipigie kelele mimi na Sista Kahaso kwenye simu zetu, kwa njia isiyopita humu. Na lile neno la kijani nimemwambia Thuku aliondoe. Liandikwe 'imekabidhiwa', hata anayesoma aulize: imekabidhiwa kwa nani?"

"Na Thuku kasemaje?"

"Kasema ataliangalia kwenye toleo lijalo."

Mzee Stambuli alitoa mguno ambao Fahima hakuwahi kuusikia kwake, mguno wa mtu aliyekwisha kuchokozwa vya kutosha. Akanyoosha mkono.

"Nipe namba yake," akasema. "Nitampigia mimi. Na mwambie Sista Kahaso kuanzia leo apige simu zake, mashine iwe ziada tu."

Akatoka na ile namba, na Fahima akamsikia koridoni, sauti yake iliyonyooka ikipanda: "Hallo? Wewe ndiwe Thuku? Keti chini, mwanangu, nina maneno nawe."